Nukta ya Mwalimu Prudensia

Mwalimu Prudensia Kokuhirwa alikuwa amechoka hata kabla kompyuta mpya haijaingia nyumbani kwake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, miguu inayovimba kila akisimama vipindi viwili mfululizo, na barua ya kustaafu iliyokwisha kugongwa muhuri. Mwezi wa tisa angekabidhi chaki. Kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa amefundisha fizikia katika sekondari moja ya Isingiro, wilaya ya Kyerwa, na mtu akimwuliza amevuna nini, hujibu kwamba amevuna miwani.

Alizaliwa Chonyonyo, upande wa Karagwe, kwa mkulima wa kahawa mwenye mabinti watano na hata mtoto mmoja wa kiume hakuwa naye. Labda ndiyo maana hakuna aliyemwambia kwamba fizikia si somo la wasichana. Baba mtu hakuwa na mwingine wa kumpeleka shule. Binti akaja kulipenda lile somo ambalo wenzake walilikimbia, akaenda chuo, akapangiwa Isingiro, na huko akaolewa na Polikarpi Rwezaura, karani wa chama cha wakulima wa kahawa na mpiga kengele wa kanisa la kigango.

Polikarpi alikuwa mtu wa saa. Kengele yake haikuwahi kuchelewa hata dakika moja, na mtu aliyeleta kahawa ya maganda baada ya muda wa mizani aliirudisha nyumbani kichwani. Ila alikuwa na jambo lake moja. Hakukubali saa iseme saba wakati watu wote wanasema saa moja. Kwa hiyo saa zote za nyumba ile, ya ukutani, ya mkononi, ya redio, hata ya simu yake, alizirudisha nyuma saa sita, zikasema kama midomo ya watu inavyosema. Tena akazima ule mpango wa simu kujirekebisha yenyewe, kwa sababu hapo kwao mpakani simu hudaka mnara wa Rwanda bila kuomba ruhusa, na simu inarudi nyuma saa nzima. Alisema haibiwi saa yake na mnara. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Kengele ikapewa mwingine, ukarani ulikuwa umekwisha zamani, na kilichobaki chini ya mamlaka yake ni saa za nyumbani na vidonge vyake vitatu kwa siku.

Sasa tuje kwenye nukta. Miaka saba nyuma, kwenye semina ya walimu, Prudensia alisikia kwamba kuna watu wa nje wenye darubini kubwa wanaopiga picha za anga na kuzigawa bure kwa shule, ili wanafunzi wasaidie kutafuta mawe yanayolizunguka jua. Kazi yenyewe haina maajabu. Unapewa picha nne za kipande kimoja cha anga, zilizopishana dakika chache. Programu maalumu inakuonyesha moja baada ya nyingine, harakaharaka, inarudia na kurudia. Nyota zote zimetulia mahali pake. Kama kuna jiwe, utaona nukta moja hafifu inasogea. Unaibofya, programu inapima mahali ilipo, unatuma ripoti.

Kwa miaka saba Prudensia na wanafunzi wake waliambulia patupu. Kila nukta waliyoishangilia ilikuwa imeshaonwa na wengine, au ilikuwa uchafu tu wa kamera. Walimu wenzake walimtania ofisini, wakamwuliza kama jiwe lake limeshaanguka, awaletee la kusagia mtama. Alicheka nao. Lakini ilimuuma, na aliendelea.

Ndipo Jumatano moja ya mwezi wa sita, wasichana wawili wa kidato cha tatu, Ainebyona na Joyness, wakamwita kwenye kompyuta kuukuu ya maabara. Ainebyona akaweka kidole kwenye kioo, akasema taratibu kama anayeogopa kuifukuza, "Madam, hiki kinatembea."

Kilikuwa kinatembea kweli. Prudensia akakitafuta kwenye orodha ya mawe yanayojulikana, hakimo. Akatafuta tena, hakimo. Wakaanza kupima. Kabla hawajamaliza kupima, mvua ya radi ikashuka juu ya paa la maabara, taa zikawaka sana mara moja, na kompyuta ikatoa harufu ya waya ulioungua. Haikuwaka tena. Picha hazikupotea, ziliweza kupakuliwa upya. Lakini ripoti ilitakiwa ifike kabla ya Jumamosi saa tisa alasiri. Baada ya hapo kifurushi kile cha picha kingepewa shule nyingine, na nukta ingekuwa ya atakayeituma.

Alhamisi shule ikafungwa kwa likizo. Wasichana walikuja kumuaga na mabegi yao, wanapanda gari kwenda Nyakasimbi, na Joyness akauliza, "Madam, majina yetu yataandikwa?"

"Yataandikwa," akasema Prudensia. Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Neno lile likamkaa mabegani, zito kuliko mzigo wa kuni.

Kompyuta mpya ilikuwepo, na hapo ndipo unaweza kulia au kucheka, chagua mwenyewe. Wanafunzi wa zamani waliileta tangu Pasaka. Ilikuwa kwenye boksi lake ofisini kwa mkuu wa shule, haijafunguliwa, ikisubiri sherehe ya makabidhiano, na sherehe ilikuwa ikisubiri mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa na ratiba ngumu. Prudensia alikaa mbele ya mkuu wa shule, Madam Benitha, akamwambia kwamba hatoki pale bila boksi. Benitha alimtazama, akaona uso ule hautanii, akamtaka atie sahihi ya kuirudisha, akampa boksi.

Maabara haikuwa na umeme baada ya radi, kwa hiyo aliibeba hadi nyumbani. Akaiweka mezani sebuleni, akaiwasha, akaichomeka ijae chaji, kisha akaingia kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, kukata ndizi za jioni. Polikarpi alibaki nayo, amekaa kwenye kiti chake, wanatazamana.

Ijumaa ilianza mapema. Programu ya kupimia nukta ilikuwa ya zamani, na kompyuta mpya haikuitaka. Kila alipoifungua, kompyuta ilimzuia na onyo la rangi, kwamba haimjui aliyeitengeneza. Akatafuta kwenye simu namna ya kulipita onyo, akalipita. Programu ikagoma kuhifadhi mipangilio yake, mpaka akagundua kwamba lazima aifungue kwa ruhusa ya mwenye mashine. Ikafunguka, akaingiza vipimo vya darubini, ikasema namba zote ni kosa. Saa nzima alikagua namba moja moja. Kumbe kompyuta ilikuwa imenunuliwa Ulaya, na kule desimali wanaandika kwa mkato badala ya nukta. Akabadilisha. Namba zikakubalika. Alijisikia vizuri kwa muda kama wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Saa kumi jioni ikabaki hatua ya mwisho. Programu ilitaka ufunguo, yaani mstari mrefu wa herufi na namba ambao watengenezaji wanakutumia kwa barua pepe ukiomba. Aliomba, ukaja hapohapo, akauingiza. Programu ikajibu kwa maneno machache ya Kiingereza: ufunguo si sahihi. Akauandika upya, herufi kwa herufi, kidole kwenye simu na macho kwenye kioo. Si sahihi. Chini ya barua kulikuwa na maelekezo: ufunguo ukikataa, omba mwingine, na ule wa kwanza utafutika. Akaomba mwingine. Ukakataa vilevile. Akaenda kulala na mgongo unaomuuma kama mtu aliyeshinda anapalilia.

Jumamosi asubuhi hakuujaribu tena ule wa jana, maana ulikwisha kumkatalia. Aliomba mpya, akauingiza ungali wa moto. Ukakataa. Akafuta programu yote, akaisakinisha upya, akaanza tena onyo, ruhusa, vipimo, mkato na nukta. Akaomba ufunguo mwingine. Ukakataa. Polikarpi alimletea chai kwa mkono wake wa kushoto, nusu ikamwagika kwenye kisahani, na Prudensia hakuinywa mpaka ikapoa.

Ilipofika saa sita na nusu yalikuwa yamemfika shingoni. Akampigia Mwesiga, mwanafunzi wake wa zamani mwenye duka la kutengeneza kompyuta Kayanga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, baba. Mwenzio huku nimekwama." Akamweleza yote.

Mwesiga aliuliza maswali ya fundi, moja baada ya jingine, na yeye akajibu. Kisha akasema, "Mwalimu, funguo za namna hii huwa zinaangalia muda. Kompyuta ikiwa na saa ya uongo inazikataa. Mara nyingi ndiyo ugonjwa. Hebu nisomee tarehe na saa, hapo chini pembeni."

Prudensia akainamisha miwani. "Tarehe ni ya leo. Saa sita na dakika arobaini."

Mwesiga akatazama simu yake kule Kayanga. "Sahihi kabisa. Basi siyo hilo."

"Siyo hilo," akaitikia Prudensia, na moyo ukamshuka. Mwesiga akamshauri aombe ufunguo mwingine tena, na ukikataa asubiri Jumatatu atakapopita mwenyewe. Jumatatu haikuwa na maana yoyote kwake, lakini alimshukuru. Akaomba ufunguo. Ukakataa.

Hapo akaacha. Akavua miwani, akaiweka mezani, akaegemea kiti. Hakulia, ila alitaka. Aliwaza jinsi atakavyowaambia wasichana. Angesema mashine ilikataa, nao wangesema hakuna neno Madam, kwa adabu ile ya watoto waliozoea kuambiwa haikuwezekana. Alijua adabu hiyo, maana na yeye alikua nayo. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amewafundisha watoto wa wakulima kwamba na wao wanaweza kuona kitu ambacho hakuna mwingine amekiona, na leo kimeonekana, na yeye ndiye anayeshindwa kufungua mlango.

Polikarpi akaingia na mkongojo wake, mfukoni ana kopo la vidonge. Alikuwa amekuja kwa ajili ya dawa ya saa saba, ile inayonywewa na chakula. Hakutazama saa ya ukutani iliyokuwa nyuma yake. Aliinama juu ya kompyuta, akasoma pembeni bila shida, na bila miwani.

"Saa saba kasoro dakika tano," akasema kwa kuridhika. "Mama Kemirembe, chakula bado?"

Prudensia alikuwa ameshika simu yake mkononi. Simu ile ya shule ndiyo pekee ambayo mumewe alikatazwa kuigusa. Ilisema 12:55. Alitaka kumjibu kwamba ndizi zipo jikoni, zimeiva tayari. Badala yake akatazama simu, akatazama kompyuta, akarudi kwenye simu. Kompyuta ilisema 6:55, na mbele yake AM, vile viherufi viwili vidogo vya asubuhi ambavyo hakuna mtu anayevisoma.

Siku mbili alikuwa ameiona saa ile, na siku mbili aliisoma sawasawa. Katika nyumba ile alikuwa amezoea saa za aina mbili kwa miaka thelathini. Ya simu aliihamisha kichwani, ya ukutani aliichukua kama ilivyo, na hakuna siku aliyojua ni lini anafanya lipi. Alipomsomea Mwesiga alisoma kama anavyosoma ukuta wa nyumbani kwake, na Mwesiga akalinganisha na jibu lililotoka kwenye kichwa chake mwenyewe. Wote wawili walisema kweli. Kompyuta peke yake ndiyo iliyoamini kwamba kumekucha sasa hivi, na kila ufunguo alioiletea ulikuwa umetolewa saa sita mbele, katika muda ambao kwake haujafika. Na zaidi ya hapo, ufunguo wa Ijumaa ungekubali asubuhi kama angeuacha tu ulale. Yeye ndiye aliyekuwa akizifuta funguo kwa kuomba nyingine.

"Nani aligusa saa ya hii kompyuta?"

Polikarpi akatabasamu upande mmoja, ule unaotabasamu. "Ilikuwa inasema tano, namba zao zile, wakati ni saa kumi na moja. Nimekunyooshea tangu Alhamisi, ulipokuwa kibanjani. Na ule mpango wa kujibadilisha nimeuzima, mnara wa Rwanda usije ukakusumbua."

Alikuwa anategemea asante. Lo, alikuwa anaitegemea kwa dhati.

"Polikarpi," akasema Prudensia. Hakumwita Baba Kemirembe, kwa jina la mtoto wao, kama siku zote. "Siku mbili nakufa na hii mashine. Siku mbili unaniona nakufa. Kumbe ni mkono wako. Hivi huwezi kukiacha kitu hata kimoja katika nyumba hii bila kukigusa? Dunia nzima ina saa yake, wewe peke yako ndiye unayejua?"

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Mzee alisimama kidogo, uso mzima ukawa kama ule upande usiotikisika. Akasema, "Sikujua." Kisha akageuka na mkongojo wake, taratibu, akatoka nje bila kula, na kopo la vidonge likisikika mfukoni kila hatua.

Prudensia alimsikia akienda. Alijua anapaswa kumfuata. Lakini ilikuwa saa saba, na saa tisa ilikuwa njiani.

Akairudisha saa ya kompyuta mahali pake. Akauingiza ufunguo wa mwisho. Programu ikafunguka kimya, bila hata kumpongeza. Ikataka kupakua orodha ya nyota, na mtandao ukaanza kuvuta miguu. Aliipeleka dirishani simu iliyokuwa ikiipa kompyuta mtandao, ikadaka Rwanda, akaizima, akaiwasha, akaishika juu kwa mkono mpaka bega likafa ganzi. Saa nane na robo orodha ikaingia. Akazileta zile picha nne, zikaanza kupishana. Nyota zikatulia. Na pale, chini kidogo ya katikati, palepale Ainebyona alipoweka kidole, nukta ikapiga hatua, ikapiga hatua, ikapiga hatua.

Alipima katika picha zote nne, mara mbili kila moja. Penye majina ya walioona akaandika Ainebyona, akaandika Joyness. Lake aliliweka chini, penye nafasi ya mwalimu. Ripoti iliondoka saa tisa kasoro dakika sita, na jibu la mashine likarudi kwamba imepokelewa, kwamba kitu hicho hakimo kwenye orodha, kwamba uhakika wake utachukua miaka. Aliwapigia wasichana Nyakasimbi kupitia simu ya mama yake Joyness. Alisikia vigelegele kwa mbali, akafurahi, kweli alifurahi, lakini furaha yenyewe ilimkuta amekaa sakafuni ameegemea ukuta.

Jioni ile Polikarpi alikula kidogo, akajibu alipoulizwa, akalala mapema. Prudensia alitaka kusema neno, usingizi ukamtangulia.

Asubuhi ya Jumapili aliamka jua limeshapanda. Alitoka sebuleni akatazama ukutani, akashtuka. Saa ilisema nane. Kwa kitambo alidhani amelala hadi mchana, amekosa na ibada. Kisha akaona saa ya mkononi ya mumewe imelazwa mezani, nayo inasema nane. Redio nayo inasema nane. Simu ndogo ya vitufe ya mzee, nane. Jinsi mzee alivyoishusha ile ya ukutani na kuirudisha kwa mkono mmoja, Prudensia hajui mpaka leo.

Polikarpi alikuwa kwenye kiti chake, amevaa shati la kanisani, vifungo viwili havijaingia mahali pake. Mbele yake kopo la vidonge lilikuwa wazi. Alikuwa anahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, anafika sita, anaanza upya.

"Umekunywa dawa ya asubuhi?" akauliza Prudensia.

"Niliona mshale uko kwenye saba," akasema mzee. "Nikawa sijui kama napunguza au naongeza. Nikaogopa nisije nikanywa mara mbili. Nimeiacha." Kisha akaongeza, "Nitazoea, Mwalimu. Nimeziweka zote kama za dunia."

Prudensia alimmiminia maji, akamwekea kidonge kimoja kiganjani, akasubiri mpaka amekimeza. Akamfunga vile vifungo viwili.

"Baba Kemirembe," akasema, "jana nilikukosea."

Kisha akavuta kigoda mpaka ukutani, akapanda, na miguu yake iliyovimba, akashusha saa. Akageuza kile kitufe cha nyuma pole pole, mishale ikarudi ikipita saba, sita, tano, na mzee akiitazama kutoka kitini, mpaka ikasema saa mbili.